Mstari Mnene wa Babu

Mwenzangu, uko wapi?

Unakumbuka bosi mpya aliuliza kwa nini programu yetu ya kompyuta imejaa makosa mwaka huu? Mimi na kiherehere changu nikachora mchoro wa kumbukumbu zote za marekebisho ya miaka mitatu. Kila mtu ni kitone, na mstari unatoka kwa aliyerekebisha kazi kwenda kwa aliyeikosea. Nilitaka waone kwamba mimi sina makosa.

Nikaurusha ukutani kwa projekta, mbele ya watu wote. Mstari mmoja mnene kama kamba unatoka kwa Babu, yule mzee wetu wa meza ya dirishani, unakuja moja kwa moja kwangu.

Bosi akauliza, "Huyu anayekufuata kila mahali ni nani?"

Dada anayejaribu programu ndiye aliyejibu. "Ni marehemu. Tulimzika mwishoni mwa mwaka jana."

Na mimi, mjinga, nikaubofya ule mstari! Yakafunguka maelezo aliyoyaandika Babu kila aliporekebisha kazi yangu, mamia, na la kwanza linasema: "Nimerekebisha. Asiambiwe, ana mtoto hospitalini."

Asiambiwe. Mwenzangu, asiambiwe!

Na unajua nilivyokuwa namsema. Mzee mzito, anashinda kuchokonoa kazi za wenzake. Hata mazishini nilikuwa naangalia saa.

Mtoto wangu alishapona zamani. Babu hakuacha.

Sasa hivi nimetuma kazi yangu ya leo. Nimekaa tu naangalia skrini, nasubiri mtu anifuate nyuma kurekebisha.