Jina la Rukaya Ndani ya Shaba

Mwaka umetimia, Rukaya, tangu figo zikushinde ukiwa na miaka thelathini na minne. Hatutaandika kwamba ulikuwa mpole. Waliokuzika hapa Handeni wangetucheka.

Ulikuwa na mkono wa kutoa na mdomo wa kuunguza. Fundi akikuletea kazi ya hovyo karakanani kwako Korogwe, uliivunja mbele yake, kisha ukampa nauli ya kurudi kwao. Chai yako ilipoa kila siku, nawe ukainywa hivyo hivyo, macho kwenye kompyuta.

Kazi yako kubwa ilikuwa ubao wa saketi wa king'ora cha mafuriko cha kijiji cha Mnyuzi. Kipimo kilichofungwa mtoni kikiona maji yamepanda, kipeleke habari kwa mawimbi ya redio, king'ora kilie, watu wahame mapema. Ubao ulikuwa na matabaka manne yaliyobanwa pamoja. Tabaka la pili, shaba tupu ya ethi, ile ya kurudishia umeme, hukutaka liguswe.

"Mawimbi yanayopita juu yanarudia hapo chini," ulimfokea mdogo wako Ukasha. "Ukiitoboa hiyo shaba umeyakata miguu. Unanisikia, au naongea na ukuta?"

Alikusikia, mwanetu. Ila ulipokufa roho ilimuuma kupita kiasi. Hukuacha mtoto, akataka jina lako libaki mahali, na rangi ya juu ya ubao hubanduka. Basi akalichonga RUKAYA ndani ya shaba ile ile, chini kabisa ya njia inayokwenda kwenye antena, akapeleka mchoro kiwandani. Alituonyesha sisi wazazi wako, tukambariki. Tulilia kwa furaha, na leo tunaona haya kulisema.

Ubao ulipotoka kiwandani aliujaribu hapa uani, hatua ishirini, king'ora kikalia vizuri. Kule Mnyuzi ni kilomita sita toka kwenye kipimo, na alipoufunga huko hakurudia jaribio. Aliona anakukosea adabu kuitilia shaka kazi yenye jina lako.

Aprili maji yakaja. Kipimo kiliyaona, kikatuma habari, na habari iliyokatwa miguu haikufika. Ernesti, yule mkulima aliyekushikia ngazi ulipokuwa ukifunga king'ora juu ya nguzo, alikuwa bondeni anapalilia mpunga wake. Walimpata siku ya pili.

Ukasha alikwenda msibani, akamweleza mjane wake Rosina ukweli wote, hakuficha hata kimoja. Rosina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe dada yako hakutosheka kufa peke yake," alisema. Halafu akamwomba aondoke ili watu waweze kula.

Aliporudi alikaa kwenye kiti chako, akalifuta jina lako kwenye mchoro, herufi moja baada ya nyingine, akaifunga shaba yote. Baba yako alimwambia angalau aache herufi R. Alikataa, na baba yako akanuna siku tatu.

Ubao mpya ulifungwa Mei. Wiki ya pili maji yalipanda tena, king'ora kikalia, na watu wote wakawahi kupanda tuta la reli. Rosina alikuwa miongoni mwao.

Wanaokukumbuka ni baba yako Mbaruku, mama yako Mwaija, shangazi yako Mwatumu na mdogo wako Ukasha, ambaye aliomba jina lake lisiwekwe hapa. Tumeliweka.

Hatutakusahau kamwe, Rukaya. Ila jina lako hatutaliandika tena popote penye kazi ya kufanya.