Mstari Unaopanda

Dada yangu mpenzi,

Hatujambo kiasi chetu. Paa la jikoni limezibwa. Visu bado nalala navyo chini ya godoro, huyu mwanangu asivifikie, na shemeji yako analalamika kwamba nyanya anazipasua kwa kijiko.

Uliuliza habari za kile kikundi cha ushauri kliniki. Wiki kumi na mbili tumekaa duara, familia sita, kila moja na mtoto wake asiye sawa. Mwanao alikaa katikati yetu akichomoa nyuzi za sweta, hasemi neno. Mshauri ni binti mpole, chai anatumiminia mwenyewe. Kila kikao kikiisha anagawa fomu: mtoto analala, anakula, anaongea? Alama moja, yaani hafanyi kabisa, hadi tano.

Dada, ningempaje moja binti aliyenishika bega nikilia? Nilianza na mbili, nikapanda tatu, nikafika nne. Shemeji yako alichungulia yangu akanakili.

Jana mshauri alituonyesha karatasi yenye mstari wa alama zetu, unaopanda. "Mama, nyinyi mmefanya vizuri kuliko wote," akasema. Kwa hiyo tumemaliza, na nafasi yetu wamepewa wenye hali mbaya zaidi.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikasema, "Asante, mwanangu."

Tukiwa njiani mwanao akaongea, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

"Mama, kumbe kupona ndiko huku?"

Nilimfunga vifungo vya sweta, tukaendelea kutembea.

Ni mimi, mdogo wako.