Simbilisi Uliyeniachia

Mama yangu uliye ng'ambo ya mpaka, huko Kongo,

Shangazi alinipigia simu jana asubuhi. Alianza kuuliza kama mtoto ananyonya vizuri, kama kitovu kimekauka, kama napata uji. Nikajua kuna neno analo, maana shangazi si mtu wa kuzungukazunguka. Mwishowe akalitoa: umesikia nimejifungua, na unaomba uje hapa Kasese unikande kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto, kama mama yeyote anavyomfanyia binti yake. "Ni mama yako," akasema. "Mjibu, hata kama ni kwa ubaya." Haya basi, nakujibu.

Naandika kwa Kiswahili, hiki tunachoongea nyumbani kwangu, kwa sababu mume wangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji na Lhukonzo, lugha yetu, imemshinda kabisa. Lakini si kwa hilo tu. Lhukonzo ndiyo uliyonibembelezea nikiwa mgongoni mwako, na leo mimi sina hamu ya kubembelezana na mtu.

Unaikumbuka asubuhi ile ya kule kwetu Bwera? Mimi naikumbuka mpaka kitenge ulichovaa. Mwaka 2010, nina miaka kumi na mmoja, mdogo wangu Biira ana sita. Uliniita jikoni, ukachuchumaa karibu na mafiga, ukanionyesha simbilisi yule mwenye paji jeupe, amejilaza kwenye rundo la kuni, tumbo limetanuka huku na huku kama kifurushi kilichofungwa vibaya. Kwetu simbilisi ni mali ya wanawake na watoto. Mbuzi ni wa baba, kahawa ni ya baba, lakini hao wadogo wasio na mkia wanaokimbizana kwenye sakafu ya jikoni, mwanaume hata hajui wako wangapi. Kwa hiyo uliponikabidhi yule nilijiona nimekuwa mtu mzima.

"Masika, sikiliza vizuri," ulisema. "Usimshike tumbo. Usimfukuze na ufagio. Majani ya viazi mpe, ila yaanike kwanza umande utoke, la sivyo atavimba. Akizaa, lile dume litoe siku hiyo hiyo, maana litampanda kabla hajapumua. Mimi naenda Kasindi kuleta mawese. Ijumaa niko hapa, na nataka nikute watoto wote wako hai."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Biira alikuwa bado amelala na hukumwamsha. Nimeirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi sana, Mama, na kila nikiirudia nahesabu: kwa simbilisi uliacha maagizo manne. Kwa Biira hukuacha hata moja. Hukusema apewe nini usiku akikohoa, hukusema sare yake ya shule iko wapi. Ulijua umande unaweza kumuua mnyama wa jikoni, halafu ukachukua madumu yako ukaenda.

Simbilisi wako alizaa Jumatano. Niliingia jikoni kukoka moto nikakuta wanne, wameshakauka, wana manyoya, macho yao wazi, wanamfuata mama yao kona kwa kona. Biira alipiga kelele, "Dada! Wamezaliwa wameshakua!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Dume nililitoa kama ulivyoagiza, nikalifungia kwenye kapu kuukuu la kahawa na jiwe juu, likapiga miluzi mchana kutwa. Baba aliuliza ni nini kinalia, nikamwambia ni mambo ya Mama, naye akaachana nayo.

Lakini hukuniambia kwamba simbilisi ana chuchu mbili tu. Wanne, chuchu mbili! Watatu walikuwa na nguvu, na wa nne, mdogo kama kidole gumba cha Baba, alisukumwa nje kila alipojaribu. Nikaona huyu atakufa, na Ijumaa utafika, utahesabu, utakuta watatu. Basi Alhamisi sikwenda shule. Nilikaa sakafuni, nikawaweka wale watatu kwenye pindo la gauni langu, nikamwacha mdogo anyonye peke yake mpaka ashibe. Asubuhi, mchana, jioni. Mama yao alitulia tu, anatafuna jani, anatazama ukuta. Ijumaa pia sikwenda shule. Mwalimu alikuja kunichapa Jumatatu, na nilizipokea fimbo zake.

Ile Ijumaa nilifagia jikoni, nikamwogesha Biira, tukakaa kizingitini. Malori yalipita kwenda mpakani Mpondwe, mengine yakarudi. Wanawake wa soko walipita na vikapu vitupu vichwani, wanacheka, na kila mmoja niliyemwona kwa mbali nilisema ndiye wewe. Giza lilipoingia nilimwambia Biira watu wa forodha wamekuzuia kidogo. Ijumaa iliyofuata nikamwambia hivyo hivyo. Mimi mwenyewe niliamini, tena si kidogo. Niliamini kwamba ukirudi au usiporudi ni juu ya wale wanne, kwamba mmoja akifa utajua huko huko uliko na utakasirika. Yule mdogo alipoanza kutafuna jani mwenyewe, nilimwambia Biira, "Sasa Mama hana sababu tena."

Wote wanne waliishi, Mama. Nataka ulisikie hilo. Mimi nilifanya kila ulichoniambia, na hata ambacho hukuniambia.

Na usidhani nakulaumu kwa kumkimbia Baba. Baba alikuwa na mkono mwepesi, na akishakunywa ndiyo kabisa. Nilikuwa naona. Niliona siku ile ulipopika umefunika jicho kwa leso. Ungeniambia, "Masika, mimi nakimbia," ningekufungia mzigo mwenyewe na ningekaa kimya hadi leo. Ulinionaje, mtoto wa kudanganywa kwa mnyama?

Shangazi alihama Nyakiyumbu akaja kukaa nasi. Bila yeye sijui. Alikuta jikoni kumejaa, maana sikuruhusu hata mmoja achinjwe. Ulisema unataka kuwakuta wote, na wote walikuwa wanazaa. "Ee Mungu wangu," alisema, "hawa ndio watakaotula sisi!" Lakini hakunilazimisha. Zaidi ya mwaka ulipita ndipo akanibembeleza nikubali kupeleka madume sita sokoni Mpondwe, kwa sababu Wakongo wanaipenda nyama ya simbilisi. Nikawabeba kwenye kapu, nikawafunika kwa majani ya ndizi.

Ndipo nikakuona. Ulikuwa umekaa nyuma ya madumu ya mawese, umenenepa kidogo, mtoto yuko mgongoni. Sikufikiria mtoto ni wa nani, sikufikiria chochote, nilianza tu kupenya katikati ya watu. Nilikuwa nimeshafika karibu sana wakati mteja wako mmoja alipoinama kumchezea yule mtoto shavu.

"Kamutoto kazuri! Jina yake ni nani?"

"Masika," ukasema.

"Aa! Kumbe iko ya kwanza."

"Ndiyo, iko ya kwanza yangu," ukasema, na ukacheka.

Mume wangu nilipomsimulia haya mara ya kwanza hakuona ubaya. Kwao mtoto anaweza kuitwa jina lolote. Ilibidi nimweleze kwamba kwetu jina ni hesabu ya tumbo la mama. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, na hakuna mama anayepotea katika hesabu hiyo, hata kipofu, hata mlevi. Yule uliyembeba alikuwa Kabugho. Ukamwita Masika kwa sababu kwa mume mpya ulijipeleka kama mwanamke ambaye hajawahi kuzaa. Ulitufuta watu wawili kwa neno moja, tena ukicheka.

Kisha ukainua macho ukaniona. Shangazi anasema huenda hukunitambua, nilikuwa nimerefuka. Shangazi ana moyo mzuri. Ulinitambua. Mafuta uliyokuwa unamimina yakamwagika nje ya faneli, ukayapangusa, na ukaniuliza kwa sauti ya biashara, "Unataka mafuta, mutoto?"

Nikasema, "Hapana, mama." Kama mtu anavyomwambia mwanamke yeyote sokoni.

Nilirudi Bwera na kapu langu, sikuuza hata mmoja. Biira alinikimbilia njiani akauliza kama nimekuona, kwa sababu kila aliyetoka Mpondwe alimuuliza hivyo. Nikamwambia hapana. Hilo ni kosa langu, nalibeba mwenyewe. Nilimwacha akakuulizia miaka mingine miwili.

Na kosa la pili ni hili, sijawahi kulisema kwa mtu. Tangu siku ile sikulitoa dume tena. Nilijua ubaya wake, uliniambia wewe mwenyewe. Yule mwenye paji jeupe alizaa, likampanda siku hiyo hiyo. Akazaa tena, likampanda tena. Alikonda, manyoya yakamtoka mgongoni, nami nikawa naona na kunyamaza. Uzao wa tatu ulimmaliza. Nilimkuta asubuhi amekauka, na watoto wawili wanasukumana kwenye tumbo lake. Nilimuua kwa hasira yangu juu yako, na yeye hakunikosea kitu. Nilidhani wale wawili nao watakufa. Lakini jike mwenzake aliyekuwa ananyonyesha alijilaza tu karibu nao, wakanyonya pamoja na wake. Shangazi alisimama mlangoni akatazama. "Hawa hawachagui," akasema, akaenda kuchota maji.

Sasa ni 2019. Mtoto wangu ana siku tisa. Anayenikanda ni jirani yangu, mama mmoja wa Kikenya ambaye mumewe anafanya kazi na wangu. Mikono yake ni mizito kama ya mwashi na maji yake ni ya moto kupita kiasi, ananipigia kelele nikisogea. Nampenda. Lakini sitakudanganya: kila anapoanza, nafumba macho, na kuna kitu ndani yangu kinachokutaka wewe, na nakichukia kitu hicho. Nilidhani nimekimaliza. Tumbo lilipokuwa likiniuma hospitalini, unajua nilimwita nani? Si shangazi aliyenilea. Nilisikia mdomo wangu unaita "Mama," na nikaona aibu mbele ya wakunga.

Mume wangu anasema mama ni mama. Ni rahisi kwake kusema, mama yake hajawahi kumuuzia mafuta.

Biira anakaa nami, anasoma hapa mjini. Ana miaka kumi na mitano na ni mrefu kunizidi. Shangazi alipopiga simu jana, Biira alikuwa uani anafua nepi, na akasikia yote. "Mwambie aje," akasema. Akasema upesi, kabla sijafungua mdomo, na uso wake ulikuwa ule ule wa kizingitini. Ndipo nikamwambia habari za Mpondwe. Nilimwambia zote, jina na mafuta pia. Hakulia. Alisuuza nepi mbili, akazikamua, akazianika kwenye kamba, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Kwa hiyo mimi kwake ni wa ngapi?"

Miaka yote nimemjibu kwa niaba yako, nimesema forodha, nimesema barabara imeharibika, nimesema unaumwa. Hili limenishinda, kwa sababu mwenye kulijua ni wewe peke yako.

Kwa hiyo njoo. Sikukaribishi kwa furaha, lakini njoo. Na uje na huyo binti yako. Yeye hana kosa lolote, na jina lake abaki nalo, mimi sitamnyang'anya mtoto jina. Lakini kabla hujaketi, kabla hujanawa mikono umshike mtoto wangu, utasimama mlangoni na utamwambia huyo binti yako kwa mdomo wako, "Hawa ni dada zako. Wewe ni wa tatu." Useme kwa sauti, Biira asikie. Ukiweza hilo, maji yatakuwa motoni na mgongo wangu nitakupa. Ukishindwa, usipande gari. Baki huko huko na mawese yako, na usimtume tena shangazi.

Ni mimi,
mtoto wako wa kwanza.