Sauti ya Saumu

Jumatatu, 1 Septemba

Gari la kampuni limechelewa tena. Tumefika Kibarani, kwenye nyumba tunakopigia picha, saa tatu. Nikafunga leso, nikapakwa majivu kidogo mikononi, nikabeba sinia la chai mara kumi na moja. Chai ilikuwa inapoa kabla kamera haijanifikia, na Bwana Athmani, mwongozaji wetu, anataka mvuke.

Mwaka wa nne huu nabeba sinia. Kwenye tamthilia mimi ni Saumu, mjakazi bubu wa nyumba ya tajiri. Watu wa Malindi wananijua. Sokoni wananisemesha kwa mikono. Leo muuza samaki aliruka nilipomjibu kwa kinywa. "Kumbe wasema!" Kisha akainamisha kichwa, akanisikiliza vizuri, akauliza kwetu wapi.

Uvira, nikasema. Kongo.

Kule niliigiza redioni. Watu waliijua sauti yangu, sura hawakuijua. Hapa ni kinyume chake. Siku nyingine inanichekesha. Leo haikunichekesha.

Alhamisi, 4 Septemba

Saumu atasema!

Bwana Athmani ametusomea muswada mpya. Kumbe Saumu hakuzaliwa bubu. Alinyamaza siku alipomwona tajiri akitia sumu kwenye uji wa mke wake wa kwanza. Sasa atasimama mbele ya ukoo mzima, aseme. Kurasa tatu na nusu. Zote zangu.

Nimelia chooni, nimenawa uso, nimerudi kubeba sinia.

Jumanne, 9 Septemba

Bi Rukia, jirani yangu hapa Barani, ananifundisha kutamka kila alasiri. "Ulimi baina ya meno, mama Zawadi. Si zambi. Dhambi." Dhambi, dhuluma, ghadhabu, thamani. Midomo imeniuma. Neno gumu kuliko yote ni dogo kabisa: sijui. Kwetu tunasema siyui. Likitoka lenyewe hutoka hivyo.

Zawadi, binti yangu, ananisahihisha kutoka jikoni bila kugeuka. Ana miaka kumi na tisa. Nilimleta mgongoni, ana minne, na sasa anasema kama aliyezaliwa hapa pwani, Mambrui. Namwonea fahari. Namwonea wivu pia. Basi, nimeandika.

Jumatano, 17 Septemba

Imekwisha. Nimesema.

Ukurasa wa tatu niliteleza, nikasema siyui, na Bwana Athmani hakukata. Nikaendelea. Nikasahau kamera. Yule anayeigiza tajiri, mtu mkavu, asiyesalimia, alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kikoi. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Bwana Athmani akaniambia taratibu, "Mama Zawadi, umetumaliza."

Zawadi aliniona. Alikuwa amenifuata na dawa ya presha niliyoiacha mezani. Baadaye nikamwona amesimama na Bwana Athmani chini ya baraza, wanazungumza. Nadhani Bwana Athmani alikuwa anamsifia mama yake.

Sijawahi kufurahi hivi tangu nivuke ziwa.

Ijumaa, 26 Septemba

Zawadi ameshinda Kilifi siku mbili. Usaili wa kazi hotelini, anasema, mapokezi. Amerudi koo limemkauka, anakunywa tangawizi. Nikamuuliza wamemchukua? Akasema bado. Hakunitazama.

Nimemwombea.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nitaandika yote.

Kipindi kimetoka saa moja jioni. Nyumbani kwa Bi Rukia kulijaa wanawake mpaka mlangoni, wameketi mikekani, kahawa na kaimati zinapita. Zawadi alisema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani.

Nikaonekana. Leso zangu. Uso wangu. Nikafungua kinywa.

Ikatoka sauti ya mwanangu.

Kwanza nilidhani runinga imeharibika. Kisha nikasikia dh zote zimekaa mahali pake. Sijui, ikasema. Sijui. Safi kama maji. Midomo ni yangu, machozi ni yangu, sauti ni ya Zawadi, imezeeshwa kidogo. Mama yeyote anaijua sauti ya mtoto wake.

Wanawake walilia. Mmoja akanishika goti. "Mashallah, sauti tamu hivi, ulikuwa waificha wapi?"

Nikasema asante. Bi Rukia alinitazama mara moja, akashusha macho. Naye ameijua.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimempiga Zawadi. Kofi moja. Sijapata kumpiga tangu awe mtu mzima.

Hakulia. Alisema watu wa kituo cha televisheni waliisikia sauti yangu wakakataa. Eti hakuna mjakazi wa Malindi anayesema hivyo, watazamaji watacheka. Bwana Athmani akamwambia yeye, si mimi. "Akaniambia ama tubadilishe sauti, ama tumuue Saumu kabla hajasema. Ningefanyaje, mama?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Kweli. Ningekataa. Na ningekataa, Saumu angeuawa, kampuni isingeandika barua, na bila barua ya kampuni kibali changu cha kazi hakiongezwi. Tungefunga virago sote wawili. Yeye alilifikiria hilo. Mimi nilikuwa nafikiria kurasa zangu tatu na nusu.

Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema. "Na nilipenda, mama. Nilipokuwa naisema pale Kilifi, nilipenda."

Hilo ndilo lililoniuma. Kofi lilikuwa limeshapita, sikuwa na lingine.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemkabili Bwana Athmani. Alinipa kiti, akaniagizia soda. Mtu mwenye adabu. Nilitamani awe mshenzi.

Akasema, "Mama Zawadi, pwani nzima yalia kwa ajili yako. Wataka nini zaidi?"

Nikamwambia nataka sauti yangu. Nilivyolitamka neno sauti nililisikia mwenyewe, zito, la kwetu, na nikaona jinsi anavyonisikia yeye. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema na yeye ana wakubwa wake. Akasema Saumu sasa ataendelea kusema, kila kipindi, na Zawadi ameshatia saini.

Ameshatia saini. Hilo pia nimelipata kwake, si kwa mwanangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Sasa mimi na Zawadi tunapanda gari moja asubuhi. Yeye mbele, mimi nyuma. Mimi nashuka Kibarani, yeye anapelekwa mjini, kwenye chumba cha kuingizia sauti. Wanamwonyesha midomo yangu ikicheza, naye anaifuatisha.

Nyumbani tunasema yanayohitajika tu. Chumvi. Funguo. Maji yamekatika. Nimegundua nasema kidogo sana. Nikianza sentensi naisikia kabla haijatoka, nairekebisha, na mwisho naona haina haja.

Kanisani Jumapili mama mmoja alinisimamisha mbele ya watu, nitoe salamu. Nilipunga mkono. Wakacheka, wakashangilia. Saumu!

Jumatano, 22 Oktoba

Leo nimefanya jambo.

Tulikuwa tunapiga picha za ugomvi wa Saumu na tajiri. Maneno mengi, ya ghadhabu. Kamera ikawaka na mimi nikafungua kinywa bila kutoa sauti. Hata pumzi. Nilichezesha midomo tu, nikarusha mikono, nikatoa macho. Nilitaka wanikatize. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, mama, hatukusikii.

Mwenye vyombo vya sauti alikuwa ameketi kivulini, vyombo amevizima. Siku hizi haviwashi kwenye sehemu zangu. Tajiri alisubiri midomo yangu ituame, akajibu.

"Safi sana," Bwana Athmani akasema. "Twende ya pili."

Nikafanya ya pili vilevile. Na ya tatu. Siku nzima. Hakuna aliyegundua.

Kwenye gari Zawadi aligeuka akaniuliza kama ninaumwa. Nikatikisa kichwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Zawadi amerudi na macho mekundu. Ameziona picha za Jumatano. Anasema koo langu halikuwa linatikisika. Ameifuatisha midomo yangu mchana kutwa, midomo isiyosema kitu. Yeye peke yake ndiye aliyejua.

"Usinifanyie hivyo tena," akasema.

Nikamwambia sikumfanyia yeye. Sina hakika kama ni kweli.

Alikaa mlangoni muda mrefu. Hakuacha kazi. Sikumwambia aache. Kibali kimeongezwa mwaka mmoja, barua imekuja leo, iko juu ya kabati.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Kanisani sikwenda.

Baba amepiga kutoka Uvira. Ana miaka themanini na haoni tena. Binamu yangu alimwekea kile kipindi kwenye simu, akamwambia, sikiliza, binti yako ni mtu mkubwa huko Kenya. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba apigiwe simu.

"Yule mwenye kusema si wewe," akaniambia, bila hata salamu.

"Ni Zawadi, baba. Walimwingiza yeye pahali pangu."

Nilisikia kuku wa kule nyumbani.

"Anasema muzuri," akasema. "Lakini wewe uko wapi?"

"Niko hapa, baba."

"Basi sema."

Nikamwambia mvua inanyesha. Nikamwambia nimebandika maharage, na sufuria hii inaunguza upande mmoja, na paka wa Bi Rukia amezalia chini ya kitanda changu na siyui nimpeleke wapi. Nilisema Kiswahili cha kwetu, bila kukirekebisha. Neno moja lilivuta jingine. Zawadi alitoka chumbani, akapunguza moto wa maharage, akaketi sakafuni, miguu ameikunja. Hakunisahihisha.

Baba akawa haitikii tena. Alikuwa amesinzia. Nikasikia anavyopumua.

Sikukata simu.