Maji Uliyomnywesha Baba Yangu

Ndugu yangu tuliyenyonya ziwa moja,

Kusalimu ni suna, kuitikia ni wajibu. Basi nakusalimu, ili kuanzia mstari huu mwenye wajibu uwe wewe. Mama yetu ni mzima. Mimi nina hasira.

Unazikumbuka siku arubaini za Bi Rukia? Wasichana sita katika chumba chake cha juu, mtaa wa Mkomani. Baada ya Alfajiri tulifagia, tukasaga masizi ya wino, tukachonga kalamu za matete, na mikate ya mofa ikapoa mbele yetu kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kula kabla hajazua sentensi yake ya kwanza. "Tenzi zenu ziwacheni mlangoni," alituambia siku tuliyoingia. "Vina vyaficha uvivu. Hapa mtazua hadithi. Na atakayemtia mtu wa kweli ndani yake, ashike ndia arudi kwao."

Tuliandika kwenye mbao na jioni tukaziosha. Karatasi ilikuwa adimu tangu Wazungu waanze vita vyao, na Bi alikuwa na kitabu kimoja tu. Hadithi moja, itakayoshinda siku ya arubaini, ndiyo ingeingia humo. Niliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka nguo au mume.

Hukumu haikuwa ya Bi. Kila alasiri walikuja wanawake wa jirani na miyaa yao, wakasuka ukili wa mikeka huku sisi tukisoma. Tukimaliza, Bi aliupima ukili kwa mkono wake. Hadithi njema husimamisha mikono. Ukili mrefu maana yake umeshindwa. Yangu ya kwanza ilifika dhiraa tatu. "Mashallah," alisema Bi, "huyu ametupa nusu ya mkeka." Ulicheka hata ukakipindua kidau cha wino juu ya leso yangu. Doa lile lipo mpaka leo. Siku ile nilikupenda.

Ndiyo maana nilikwambia. Tulikuwa tunaanika mbao juu ya paa, mikono myeusi kwa masizi, nikakwambia nisilowahi kumwambia mtu: kwamba siku aliyokufa baba, mama alikuwa Shela kwenye matanga, na mimi ndiye niliyeachiwa mgonjwa. Aliniita, "Mwanangu, mai." Nilikuwa nimebakisha kurasa chache za kitabu alichonifundisha kukisoma yeye mwenyewe. Nikamwambia naja: "Naya, baba." Akaita tena. "Naya." Akaita mara ya tatu, na mara ya tatu nikasema vile vile, bila kuinua macho. Nilipofunga kitabu na kuchukua kata, hapakuwa tena na wa kumpa maji. Mama aliporudi nilimwambia alikufa usingizini.

Ulinishika mkono. "Hili nitazikwa nalo," ulisema.

Liliishi siku tisa.

Siku ya arubaini mama alikuja na miyaa yake, amejifukiza udi, kuwasikiliza binti zake wawili. Nilisoma mimi kwanza. Dhiraa moja. Nikadhani nimeshinda. Kisha ukasimama wewe, ukaanza kusoma habari za binti wa sonara ambaye baba yake mgonjwa alimwita. Wito wa kwanza tu nikajua. Sikukutazama wewe, niliitazama mikono ya mama. Wito wa pili, vidole vyake vikasimama. Wito wa tatu, mikono ya chumba kizima ikasimama. Hapo binti wa hadithi yako akaacha kazi yake, akachota maji, akakiinua kichwa cha baba yake. Mzee akanywa, akamwombea dua, akafa.

Bi aliupima ukili. Haukufika shibiri.

"Umezua?"

"Nimezua, Bi." Mkavu wa macho, wewe!

Njiani nilingoja mama anigeukie. Akanishika mkono, polepole, kama anayeshika kitu kitakachovunjika.

"Nduguyo hajui kuzua," alisema. "Hilo katoka nalo kwako. Kumbe ulimpa mai? Uliponambia kafa usingizini, miaka miwili nikiwaza mume wangu kafa na kiu. Mbona hukunambia, mwanangu?"

Nikamwacha aamini hivyo. Kwa hilo najikasirikia mwenyewe, wala hasira hiyo sikutwishi. Lakini hii nyingine ni yako. Ungesema kweli yote mbele ya wale wanawake, ningekuchukia kisha yakaisha. Wewe uliiba dhambi yangu, ukanirudishia thawabu isiyo yangu, na sasa kila siku nashukuriwa. Mama ananiwekea kipande kinono cha samaki. Ananiombea kwa kunitaja jina. Anawaambia majirani, "Binti yangu alimwinua kichwa babake."

Utasema ulimfanyia mama, kwamba alikunyonyesha nawe pia na hukuweza kumwona akiumia. Nimelifikiri hilo siku nyingi. Huenda ni kweli. Lakini kabla wiki haijaisha ulikuwa umeolewa Siyu, na hukubaki kuona anayeshukuriwa kwa maji anavyomeza chakula chake.

Tena kuna hili. Jana Bi Rukia aliniletea kitabu. "Mwandiko wako ndio mzuri," alisema. "Hadithi ya nduguyo iandike wewe." Ile nafasi niliyoitaka nimeipata, kwa kalamu yangu, kwa jina lako. Tangu asubuhi nimeandika hadi wito wa tatu, na hapo kalamu imekataa. Mama ameshaniambia nimsomee leo baada ya Alasiri. Ameiweka miyaa kando ili asikie vizuri.

Sitayaandika maji. Nimeamua katikati ya barua hii, pengine ndiyo sababu nimekuandikia. Kwanza nitamwambia mama, kwa mdomo wangu, kwamba alifikiri sawa miaka ile miwili. Atarudi kwenye kiu ile, na safari hii atajua nani aliyeileta. Sijui kama atanishika mkono tena. Baada ya hapo Bi ataamua kitabu chake kiishie wapi, na wewe utaamua kama utaitikia salamu yangu.

Mama ananiita kutoka chini. Ndio wito wa kwanza. Ukurasa wa kitabu nauacha katikati, na huu wako pia.

Naya, mama.

Ndugu yako wa kunyonya,
ambaye hakumpa maji