Ngozi Yangu Kwenye Tezi Yako

Shangazi yangu uliyenilea, shikamoo.

Vaa miwani, usiogope. Ule uvimbe waliokutoa shingoni ni tezi iliyonenepa tu. Hauna ubaya wowote.

Sasa nikupe umbea wa maabara. Kipande chako nilikikata mwenyewe, chembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, nikakiacha kielee kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha nikakiopoa kwa kioo kidogo cha kupimia. Daktari akachungulia kwenye hadubini, akakunja uso.

"Tezi ni nzuri. Lakini hii ngozi imefikaje humu ndani?"

Shangazi, nikakaa juu ya ndoo.

Akaniuliza, "Ulijikuna wakati kinaelea?"

Ndiyo, kidevu! Nikikuwaza huwa najikuna kidevu. Vigamba vya ngozi yangu vilidondoka kwenye maji, vikanasa kando ya tezi yako. Tukakata kipande kingine, kikatoka safi.

Daktari alicheka hadi machozi. Anasema ngozi na tezi ni ndugu, zote ni epithelia, ile tishu inayoufunika mwili nje na ndani, ila kila ndugu ana nyumba yake. Akaniamuru nikitupe kile kioo cha kwanza.

Nimekiweka kwenye droo yangu. Ukija nitakuchungulisha, uone tulivyobanana. Wewe ulikuwa kwa daktari wa upasuaji peke yako, mimi sikupewa ruhusa ya kuja. Kumbe nilikufuata.

Mtoto wa kaka yako,
Kiherehere