Mkono Uliopimwa Mahabibo

Ambanoro, Nosy Be
14 Januari 1985

Mdogo wangu Hadidja,

Salamu nyingi. Mumeo Hamidou hajambo? Goti lake limepoa? Sisi huku wazima, isipokuwa mimi na presha yangu.

Vidonge vinakaribia kwisha, na duka la dawa la Hell-Ville halijaletewa vingine. Mahajanga vipo, lakini unajua sharti la zahanati ya Mahabibo: kila miezi mitatu daktari akupime, ndipo aandike cheti kipya. Mvua imekata barabara ya kutoka Ankify, ng'ambo ya bahari. Siwezi kuja.

Kadi yangu iko kabatini kwako. Haina picha, na daktari ni mgeni, hanijui. Jifunge shiromani kama mabibi, macho tu yaonekane, uingie kwa jina langu. Mbona chuoni ulisoma Kurani mahali pangu na mwalimu hakujua?

Dawa mpe Mroivili, mpishi wa meli ya mizigo; abiria hawachukui.

Dada yako,
Nadjma

Mahajanga
2 Februari 1985

Kwezi, dada.

Nakuamkia kwa heshima. Goti la Hamidou limepoa, ulimi wake ndio haupoi. Aliponiona nimejifunga akasema, "Leo nimelala na shemeji?"

Nimekwenda. Muuguzi aliita "Nadjma" mara mbili. Ya pili ndipo nikakumbuka kuwa ni mimi. Daktari akanipima, akatabasamu. "Mama, presha yako imeshuka vizuri. Kidonge asubuhi na kidonge jioni ni vingi mno. Kuanzia leo, nusu asubuhi tu."

Nikamwambia kichwa bado kinaniuma. Akasema kichwa si presha.

Dada, amepima mkono wangu! Hatukulifikiria hilo. Vidonge alivyoandika ni robo ya vile vya zamani. Usimfuate yeye, kunywa kama ulivyozoea, na mimi nitafute njia.

Mdogo wako,
Hadidja

Ambanoro
9 Machi 1985

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Mimi sijui niseme nini.

Vidonge vimekwisha wiki iliyopita. Jana asubuhi nilishika sufuria ya wali kwa mkono wa kushoto, ikaanguka. Mkono haukuwa na nguvu mpaka adhuhuri. Sasa umerudi, usiwaambie watu.

Nenda tena. Sema umezidiwa. Tembea haraka juani kabla ya kuingia, presha ipande, aandike kama zamani. Wewe ni mwepesi, fanya hima.

Dada yako,
Nadjma

Mahajanga
24 Machi 1985

Kwezi, dada.

Mkono unaendeleaje? Usinifiche.

Nilikwenda mbio kutoka sokoni mpaka zahanati, shiromani imelowa jasho. Daktari alipima, akakunja uso. Akanilaza kitandani mwao saa nzima, akapima tena. Haikushuka. Akataka nirudi kesho yake bila haraka. Nikaenda polepole kama bibi harusi. Ikawa vile vile.

Anasema kosa ni lake, alipunguza dawa mapema. Ameandika dozi kamili, akaniambia, "Usikose hata siku moja."

Lakini dada, mkono ule ni wangu. Mgonjwa sasa ni mimi pia, na cheti ni kimoja, kina jina lako. Nikienda kwa jina langu, atanitambua kwa sauti tu.

Vidonge vyote nimempa Mroivili. Hamidou kaniuliza, "Na wewe utameza nini, shiromani?" Mara hii hakucheka.

Mdogo wako,
Hadidja

Ankify
17 Aprili 1985

Hadidja,

Salamu baadaye. Una wazimu? Unanipa dawa yako na wewe unakaa na presha?

Vidonge nimevipata, na nusu navirudisha mwenyewe. Barabara imefunguliwa. Nimevuka leo asubuhi, nasubiri lori lenye nafasi. Barua hii nampa dereva wa gari lililojaa, atanitangulia.

Usikanyage zahanati kabla sijafika. Tutaingia pamoja, kila mtu na mkono wake. Daktari akitukana, atutukane wote wawili. Mkono wangu wa kushoto una ganzi kidogo tangu baharini, labda ni baridi.

Dada yako,
Nadjma

Mahajanga
29 Aprili 1985

Kwezi, dada.

Dereva aliyeniletea barua yako anarudi Ankify, nampa hii akuulizie kila kituo. Malori yote ya kaskazini tumeyapokea, Hamidou na mimi. Hukushuka.

Leo sikuweza kungoja tena. Niliingia kwa daktari uso wazi, nikasema, "Mimi ni Hadidja," nikamweleza kila kitu. Hakupiga kelele. Akanipima, akaandika cheti kwa jina langu. Kisha akavuta karatasi nyingine, akaandika jina lako, kalamu ikasimama.

"Na huyu mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia uko njiani.

Akasema hatatia sahihi mpaka aone mkono wako. Karatasi ameiacha juu ya meza.

Nimemwambia uko njiani, dada. Andika neno moja tu.

Mdogo wako,
Hadidja